Njia ya Somo la Lazima: Kutoka Ziwa Kisiba hadi Mlimani

Ziwa Kisiba haliingiwi na mto wala halitoi mto. Ni shimo la volkano lililojaa maji, mviringo karibu kamili, upana wake kama mita 700 na kina chake zaidi ya mita 30, kusini mashariki ya mji wa Tukuyu. Wengine huliita Ziwa Masoko, kwa jina la kijiji kilicho ukingoni. Wajerumani waliweka hapa kampuni ya tano ya jeshi lao na kujenga boma, wakakaa wakilitazama ziwa mpaka Mei 1916, majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) nao wakaondoka mbiombio. Uliza habari za ziwa hili pale Masoko, na kabla hujamaliza swali utaambiwa kuhusu fedha za Mjerumani zilizomwagwa majini.

Mimi naona hazina kubwa zaidi ni tope. Miaka ya 1990 watafiti, Wafaransa wengi miongoni mwao, walitoboa sakafu ya ziwa na kutoa mhimili wa tope wenye urefu wa mita 39, ambao ndani yake mna kumbukumbu ya miaka kama 45,000. Mna chavua za mimea iliyoota hapa zamani, na majivu ya volkano za Rungwe yaliyotua tabaka juu ya tabaka. Kulisoma tope lile kulihitaji mtu wa miamba, mtu wa mimea, mtu wa sumaku na mtu wa hali ya hewa, nao wote walilazimika kuelewana lugha. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kulieleza ziwa peke yake.

Nililiwaza hilo nilipokuwa nikizungumza na kijana mmoja wa Kisiba, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, aliyekuwa likizo akimsaidia mama yake kuuza maparachichi kando ya barabara. Aliniamkia vizuri, akanichagulia maparachichi ya kuiva kesho, na tulipofika kwenye habari za chuo uso ukabadilika. Alikuwa na sapu (mtihani wa marudio) ya DS, yaani somo la taaluma za maendeleo ambalo kila mwanafunzi wa digrii ya kwanza chuoni kwao hulisoma apende asipende.

"Mzee, mimi nasomea umeme," akasema. "Transfoma haiulizi ujamaa ulikufa lini."

Nilicheka, ila nilijua kwamba swali lake ni zito. Kwa nini daktari asome siasa, mwanasheria asome mazingira, mhandisi asome historia ya ukoloni? Nani aliamua, na lini? Kwa hiyo nilipoondoka Masoko kupanda kwenda Tukuyu na hatimaye Rungwe, kwa njia ambayo zamani ilikanyagwa na watarishi wa boma na walimu wa misheni, nilikuwa nalifuata swali hilo. Ni njia ya kupanda tu. Ziwa liko kama mita 840 juu ya usawa wa bahari na Tukuyu iko karibu mara mbili ya hapo. Migomba inakufuata mwanzo hadi mwisho, halafu kahawa, halafu chai, na mvua haina ratiba.

Kituo cha kwanza cha historia hii hakina jengo. Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliishi huku Unyakyusa wakiandika habari za vijiji vya rika, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kuhusu vijiji hivyo kiitwacho Good Company. Mvulana wa Kinyakyusa alipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, akiwa tayari anachunga ng'ombe wa baba yake, hakulala tena kwa mama. Yeye na wenzake walijenga vibanda vya matete pembeni mwa kijiji cha wazazi, wakaanza kijiji chao wenyewe. Chakula waliendelea kula nyumbani, lakini si kila mmoja kwao: kundi zima leo lilikwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mchana walilima shamba la baba. Usiku ulikuwa wao. Walipooa, wake zao waliwafuata hukohuko, vibanda vikawa nyumba, na ilipofika miaka ambayo wakubwa wao wana umri wa thelathini na kitu, baba zao waliwakabidhi nchi katika sherehe ya ubusoka.

Usiku ule ndio unaonivuta. Vijana walikaa wakizungumza, na kukaa huko na wenzi, ukwangala kwa lugha yao, kulihesabiwa kuwa ndiyo shule yenyewe. Wenyeji waliwaeleza akina Wilson kwamba kijana anayeng'ang'ania kwa mama hatapata akili. Akili hutoka kwa wenzake, katika kubishana, kutaniana, kusikiliza kesi na kujua lini mtu anyamaze. Kila kijana alipaswa kujua kutetea hoja mbele ya watu, kumgawia mwenzake nyama, kumkaribisha mgeni na kumkanya rafiki bila kumvunjia heshima. Mhunzi alijifunza uhunzi wake kwingine na mganga uganga wake kwingine, lakini hili la mazungumzo lilikuwa la wote.

Nisilipambe sana. Monica Wilson hakuficha kwamba vijiji vile vilikuwa na sababu nyingine kubwa, ambayo ni kuwatenga baba wakwe na wake za wana wao, na kuwaweka vijana mbali na wake wadogo wa baba zao. Wasichana hawakuwa na kijiji. Waliozwa mapema, mara nyingi kwa wanaume waliowazidi umri sana, na mafunzo yao yalipitia unyago na jiko. Halafu ardhi ikaanza kubana, kahawa ikapandwa mahali ambapo kijiji kipya kingejengwa, vijana wakaenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Leo ukitembea Kisiba hutakiona kijiji cha rika. Utaona nyumba za bati, kila familia na shamba lake.

Kituo cha pili kinaonekana kwa macho. Misheni ya Rungwe iko juu, chini ya mlima wenye jina hilohilo, na baridi yake ya asubuhi ni ya kutafutia koti. Wamoravian walifika hapa mwaka 1891, Theodor Meyer na Theophil Richard wakiwa miongoni mwao. Watu wengi wa Rungwe wanazijua habari hizo vizuri. Lisilosemwa sana ni kwamba pamoja na Biblia, misumari na mbegu za kahawa, kanisa hili lilikuja na babu wa elimu ya jumla. Jan Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592, alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian wa leo wanajihesabu kuwa wana wake. Vita vya dini vilimfukuza kwao. Akatangatanga Poland, Uingereza, Sweden na Hungaria, akafia Amsterdam mwaka 1670. Katika kutangatanga huko aliandika kwamba watu wote wafundishwe mambo yote: maskini na tajiri, wavulana na wasichana. Akafafanua, maana alijua atachekwa, kwamba hakukusudia kila mtu awe bingwa wa kila elimu. Alichotaka ni kila mtu ajue misingi, sababu na makusudi ya mambo makubwa ya dunia anayoishi, asije akakutana na jambo asijue hata pa kuanzia kulifikiri.

Kwa maoni yangu, hakuna aliyeeleza vizuri zaidi yake kwa nini mhandisi asome zaidi ya uhandisi. Ila shule za misheni ziliikata ndoto hiyo iweze kuenea mlimani: kusoma na kuandika kwa Kinyakyusa, hesabu, Biblia, nyimbo, useremala, matofali. Hata hivyo mbegu ilishika kwa namna yake. Wajerumani walipotiwa kizuizini wakati wa Vita vya Kwanza, Wanyakyusa wenyewe waliendelea kuongoza ibada na kufundisha, huku Waskoti wa Livingstonia wakiangalia kazi kutoka ng'ambo ya mpaka, mpaka wamisionari wa Kijerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Leo kanisa hilohilo lina chuo kikuu chake Mbeya mjini, kilichopewa jina la Askofu Teofilo Kisanji.

Tukuyu yenyewe nitaipita haraka, kwa sababu Waingereza hawakuleta jipya sana katika jambo hili isipokuwa ubishi mmoja wa kuchekesha. Kufuatia Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali ya Tanganyika iliamini kwamba Mwafrika afundishwe elimu inayofanana na mazingira yake. Kule Malangali, Iringa, W. B. Mumford alianzisha mwaka 1928 shule iliyotaka wanafunzi wasome vitabu na papo hapo wacheze ngoma za kwao, washike mikuki na wafundwe na wazee. Kwa hiyo wakati Wilson na mkewe walipokuwa wakiandika kuhusu vijiji vya rika vinavyokufa polepole, nyanda hizohizo za kusini tayari zilikuwa zimeona shule iliyojaribu kuigiza kitu cha namna hiyo kwa kengele na daftari la mahudhurio. Waafrika wengi waliishuku sera hiyo. Waliona kwamba ngoma wanaijua. Walichokosa ni Kiingereza na hesabu, vile vitu ambavyo mtoto wa bwana shauri hakunyimwa. Hapo ndipo elimu ya jumla inapoweza kugeuka mtego: anayechagua nini kila mtu ajue anaweza pia kuchagua nini kila mtu asijue.

Kutoka Tukuyu, jirani na Mpuguso ambako kipo chuo cha ualimu, njia inaingia lami na kuteremka Dar es Salaam. Wenye bahati enzi za ukoloni walipitia Dar tu, wakaendelea hadi chuo cha Makerere, Uganda.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la chama cha TANU la Mtaa wa Lumumba. Digrii ilikuwa ya London. Kwa desturi ya Waingereza, aliyekuja kusoma sheria alisoma sheria, maana ilidhaniwa kwamba mengine yote ameshayamaliza sekondari. Wamarekani walikuwa na desturi nyingine. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha mwaka 1919 somo la lazima kuhusu ustaarabu wa sasa, lililotokana na mafunzo ya kuwaeleza vijana kwa nini nchi yao iko vitani. Na mwaka 1945, vita vingine vikiwa vinaisha, Harvard ikatoa taarifa nzima ya elimu ya jumla katika nchi huru. Huko somo la wote lilizaliwa na vita. Kwetu lilizaliwa na maandamano.

Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, na wa vyuo vingine vya Dar waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwapeleka wasomi Jeshi la Kujenga Taifa na kuwakata sehemu kubwa ya mshahara katika muda wa utumishi. Baadhi ya mabango yalisema enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi walisamehewa baadaye. Lakini swali lilibaki mezani: imekuwaje nchi maskini isomeshe vijana kwa jasho la wakulima, halafu vijana hao wasione kwamba wana deni?

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Machi ikaja sera ya Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huohuo, tarehe 11 hadi 13, ukafanyika Mlimani mkutano kuhusu nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Walimu walibishana vikali. Kulikuwa na waliotaka kila kitu kipinduliwe na waliohofia kwamba chuo kitageuzwa tawi la chama. Kilichotoka katika mabishano hayo ni somo la pamoja kwa wanafunzi wote, kuhusu jamii na uchumi wa nchi yao, na kutoka somo hilo, baada ya kufumuliwa na kushonwa upya, ikatoka DS. Chuo kilipojitegemea kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Julai 1, 1970, somo lilikuwa limeshaota mizizi. Mwaka 1973 likapewa taasisi yake kamili. Mwaka huohuo kitivo cha uhandisi kilifunguliwa. Kwa hiyo mhandisi na DS wameingia Mlimani karibu mkono kwa mkono, jambo ambalo sikupata nafasi ya kumwambia yule kijana wa maparachichi.

Wakati utawala ukipanga somo la lazima, wanafunzi walikuwa na lao la hiari. Kikundi chao cha mapinduzi, USARF, ambacho mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni, kiliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili. Hayakuwa na mtihani wala cheti. Mtu alisoma sura ya kitabu wiki nzima, Jumapili akaja kubishana. Mwalimu wa historia Walter Rodney alikuwa karibu nao, naye mwaka 1972 akachapisha kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Novemba 1969 wanafunzi hao walitoa jarida lililoitwa Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha nchini. Hirji alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Hakuna aliyemlazimisha kusoma siasa. Katika Cheche ndimo alimoandika Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria, makala yake kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya Tanzania, makala iliyoligusa tabaka jipya la watawala mahali panapouma. Novemba 1970 serikali ikalipiga marufuku jarida, na USARF pia.

Mpangilio wa matukio hayo unanikera hadi leo. Kilichopigwa marufuku ni mazungumzo ya hiari, na kilichobaki ni somo la lazima. Siwalaumu walioanzisha DS, kwa kuwa walimu wake wa mwanzo walikuwa miongoni mwa wasomi wakali kuliko wote waliowahi kufundisha nchi hii. Lakini somo lililozaliwa kwenye ubishi wa mwaka 1967 lilianza taratibu kufundishwa kana kwamba ubishi umekwisha. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti jingine: aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, apate na maoni mazuri ya kazini na ya chama, ndipo aombe chuo. Hilo nalo lilikuwa aina ya elimu ya jumla, yenye jembe au faili badala ya kitabu, na wapo wazee wanaolisifu hadi leo. Lilidumu takriban miaka kumi likafifia.

Vyama vingi vilipokuja, DS ilibadilisha nguo. Ujamaa ulisogezwa kwenye sura za historia, zikaingia utandawazi, jinsia, mazingira, ujasiriamali. Vyuo vikuu vipya vilipochipuka, vingi vilibeba somo hilo au ndugu yake, na pembeni yake stadi za mawasiliano, ambamo msomi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kuandika aya na kunukuu kitabu. Mlango wa kuingilia nao ulikuwa uleule: kidato cha tano na sita, kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kombi yoyote alisoma GS (General Studies), somo ambalo alama zake hazikuingia kwenye hesabu ya daraja. Wanafunzi si wajinga. Somo lisilohesabiwa walilisoma wiki ya mwisho, na tabia hiyo wakapanda nayo hadi chuoni.

Kwa hiyo desa la DS analopitia mwanafunzi wa leo kwenye simu ni muhtasari wa muhtasari. Nililiona la yule kijana: kurasa zilizopigwa picha upande upande, zimepita mikono mingi, na tarehe za Azimio la Arusha zimepigiwa mstari mwekundu kwa kuwa "zinatokaga." Ukumbi wao, alivyonieleza, unajaza mamia ya watu wa programu mbalimbali, wengine wamesimama dirishani, na mtihani ni wa kuchagua jibu. Nilimuuliza kama katika muhula mzima aliwahi kufungua mdomo darasani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kuendesha ndege.

Wala si mvivu wa kufikiri. Palepale barabarani alinieleza, kwa hasira na kwa takwimu zake mwenyewe, bei ya parachichi shambani na bei anayosikia linauzwa ng'ambo, nani anakula katikati, na kwa nini ghala la baridi haliwezi kujengwa mahali ambapo umeme unakatika hovyo. Mama yake alimkatiza mara mbili kumsahihisha, hasa kuhusu madalali. Ilikuwa DS nzima, umeme ndani yake, na wala hakujua kwamba ni DS.

Mitaala ya vyuo vikuu imekuwa ikipitiwa upya kwa fedha za mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na neno linalosikika kila kona ni soko la ajira. Digrii ya kwanza Tanzania haiwezi kuwa chini ya krediti 360, na kila krediti ina mtu anayeitamani. Mimi ningeliacha somo la wote libaki la lazima, ila ningelitoa ukumbini. Wanafunzi 15 wa fani mchanganyiko, wa umeme akae na wa uuguzi na wa sheria, wapewe jambo moja lililo karibu nao, liwe parachichi au tope la Ziwa Kisiba, na walibishanie muhula mzima mbele ya mwalimu mmoja anayejua kunyamaza. Kwa chuo chenye wanafunzi 3,000 wa mwaka wa kwanza hayo ni makundi 200. Mwalimu mmoja akibeba makundi manne, wanahitajika walimu 50 kwa somo moja tu, na bado hatujasema watakaa vyumba gani.